Kinasa Sauti cha Rwema

Jovia alimwambia kaka yake kwanza kwa upole, kisha kwa ukali: msogezee mzee maiki karibu na mdomo. Baba yao alipiga inanga, ala ya nyuzi ya kwao, kama wazee wake walivyoipiga, huku akiimba kwa kunong'ona, na hapo mtaani kwao Kinyinya mafundi wa nyumba ya jirani walikuwa wanagonga nyundo tangu asubuhi.

"Wewe unajua nini?" Rwema akamjibu. Maiki akaifunga kwenye ubao wa inanga, nyuzi zisikike vizuri, kisha akabonyeza kitufe cha kuondoa kelele. Kinasa sauti hicho alikichagua mwenyewe, na alikisifia kama aliyekizaa. Jovia alipoomba avae hedifoni asikilize kidogo, alifukuzwa kama nzi. Mzee aliimba mpaka akachoka.

Walimzika kabla mvua hazijaisha. Baada ya matanga, mama akaomba asikie sauti ya mume wake. Rwema akafungulia spika, kifua mbele.

Nyuzi zililia, safi kama maji ya chupa. Sauti ya mzee haikuwemo. Mashine ilikuwa imeihesabu minong'ono yake kuwa kelele, ikaifuta pamoja na nyundo.

"Mnasikia?" Rwema akasema, bado hajaelewa. "Hata nyundo moja haisikiki."

Mama akainua uso. "Nyundo ningezivumilia, mwanangu. Baba yako umemweka wapi?"