Hatimaye Apumzika

Gazetini kwetu, mtambo wa akili bandia tuliupachika jina la Mama Mkwe, maana hakuna tulichompikia kikampendeza. Kila habari ya mtu aliyejiua ilipita kwake kabla ya kuchapishwa. Ukitaja njia aliyotumia, anakupiga nyekundu. Ukisahau namba ya simu ya msaada, nyekundu. Ukiweka neno "kujiua" kwenye kichwa cha habari, nyekundu. Nilimlalamikia kila siku, lakini nilimheshimu. Nyumbani nina mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye tangu afukuzwe chuo hatoki chumbani, na gazeti letu analisoma lote.

Siku hiyo alikuwa amefariki mwanamuziki mmoja kijana. Kichwa changu cha habari, "Mwanamuziki ajiua", kilipigwa nyekundu, na kwa haki. Mhariri mkuu akakifuta, akaandika chake: "Hatimaye apumzika." Mama Mkwe akampa kijani tupu.

"Bosi, hiki ni kibaya zaidi," nikasema. "Kinasema kufa ni mapumziko. Mtu aliyechoka atakisomaje?"

"Kuna neno baya hapo?"

"Hakuna. Ndiyo maana naogopa."

"Basi gombaneni wenyewe, wewe na mkweo," akacheka, akabonyeza kitufe.

Habari ikasambaa, na wasomaji wakaanza kuandika chini yake: pumzika, kaka. Pumzika. Umeshinda, pumzika. Neno lilishuka kwenye kioo changu bila kukoma, na Mama Mkwe akalipitisha kila mara, kijani juu ya kijani. Nikampigia mdogo wangu. Hakupokea. Kisha ujumbe wake ukaingia.

"Dada, nimesoma habari yenu. Imeandikwa vizuri. Hata mimi nataka kupumzika tu."

Mwingine angedhani kijana ana usingizi. Mimi nilimwelewa. Nikashuka ngazi mbio, nikipiga simu tena na tena, mpaka akapokea. Nilimsikia akipumua tu.

"Mdogo wangu, nijibu. Unataka kulala, au unafikiria kujiua?"

Neno lile jekundu lilisikika ukumbi mzima. Mlinzi wa mlangoni aligeuka kunitazama. Sikujali.

Kisha akaanza kulia, zile kwikwi zake za utotoni.

"Hilo la pili," akasema. "Njoo, dada. Usikate simu."