Bei ya Kifungulo

Mama Mwadi alikuwa wa saba kwenye mstari wa kuchaji simu, nyuma ya shule ya parokia, na damu ya shemeji yake Kabeya ilikuwa imekauka kwenye mkono wake wa kushoto. Maji ya bomba yalikuwa ya kunywa tu. Kunawa kulikatazwa.

"Elfu moja," alisema mwenye betri.

"Jana ilikuwa mia tano, tata."

"Jana jua iliwaka muzuri. Kalalamike kwa jua."

Akalipa. Tangu Jumatano familia mia tatu zilikuwa zimelala chini kwenye madarasa na kanisani. Mwezi wa nane bei ya kobalti ilianguka, kampuni ikafunga mashimo na kukata umeme wa Kapata, mtaa wa Kolwezi. Wachimbaji wakakaa barazani na mikono mitupu, ndipo watu wenye vipaza sauti walipopita kuwaambia kwamba kazi yao imeliwa na watu wa Kasai. *Barudi kwao.* Mwadi alizaliwa Kapata, kwenye nyumba ya kampuni. Baba yake alizaliwa mtaa uleule. Babu ndiye aliyeletwa na treni kutoka Kasai, na hakuna aliyemwuliza kama anataka kuja.

Simu ilipowaka, kitu cha kwanza alichofungua ni kundi la mtandaoni la Soko ya Kapata. Kwa miaka sita aliuza humo samaki wa barafu, tomsoni, kwa kilo na kwa katoni. Kila Jumatatu aliandika bei, na bei ya moto, pikipiki ya kupeleka. Kabeya, mdogo wa marehemu bwana yake, ndiye aliyepeleka. Mzigo wa mbali, wa Mutshatsha, uliachwa kwa mtu mwaminifu, na mtu huyo hakuutoa mpaka fedha ifike na Mwadi apige simu kutaja neno la siku hiyo. Hakuna neno, hakuna samaki. Katika miaka sita hakuna mteja hata mmoja aliyeomba arudishiwe fedha.

Leo alikuwapo mmoja.

"Mama Mwadi, nililipa katoni moja siku ya kwanza. Leo ni posho. Tomsoni yangu iko wapi? Unirudishie franga yangu, ao sema weye ni mwizi." Aliyeandika Jumamosi hiyo, siku ya posho, alikuwa Gradi.

Mwadi akasoma mara mbili, polepole, kama anavyosoma somo la misa. Gradi alikuwa mchimbaji wa mtaa wa tatu. Jumatano saa nne, Mwadi akiwa amejificha nyuma ya choo cha jirani, alimwona kwa macho yake akishika frigo ya samaki ya Mwadi upande wa mbele, wenzake watatu upande wa nyuma, wakiitoa mlangoni huku wakiimba "bilulu, bilulu", kana kwamba wanafagia wadudu. Katoni ya Gradi ilikuwa ndani ya frigo ileile.

Chini ya ujumbe, Mama Valérie, msimamizi wa kundi, alikuwa ameshatoa hukumu: mpaka saa sita.

Mwadi akaingia darasa la tatu akimpigia simu. Kabeya alikuwa amelazwa juu ya madawati manne yaliyosogezwa pamoja. Siku ileile ya Jumatano walimsimamisha akiwa na samaki kwenye moto yake, wakampiga taya kwa nondo mpaka likahama mahali pake. Mwalimu Ngeleka, mwenye darasa hilo, alikuwa amemfunika koti lake na kumdondoshea maji mdomoni kwa kitambaa.

"Miaka mingi nilimwambia huyu anyamaze mu darasa," Mwalimu alisema. "Njo leo anasikia."

Kabeya alicheka kwa jicho moja. Lile jingine halikufunguka.

"Mama Valérie," Mwadi alisema simuni, "unajua weye mwenyewe nani alibeba frigo yangu."

"Mupendwa, mi siingie mu politike. Groupe ni ya biashara. Sheria uliisoma: kitu kisipofika mu masaa makumi ine na nane, unarudisha franga. Ukikatala, tunatia photo yako na pahali unaikala."

"Pahali minaikala? Mama, mu groupe muko bantu mia ine na kumi na mbili! Benye kutufukuza banatafuta ile tu."

"Sheria ni ya bote. Tukikuhurumia weye, kesho mwingine atasema nini? Saa sita. Na pole sana kwa shemeji."

Mwanamke huyu na Mwadi walikuwa wakishika bendera moja ya akina mama wa parokia, kila mmoja mti wake, sikukuu zote za mwaka.

Fedha ya kurudisha haikuwapo. Iliyokuwapo Mwadi alikwishampa dereva wa lori asubuhi, nafasi mbili mpaka Mutshatsha, kwa sababu hospitali ya hapa ilikuwa ng'ambo ya mitaa ambayo Kabeya asingeivuka akiwa hai. Akateremsha ujumbe kutafuta nani atamtetea. Hakuona mtetezi. Aliona frigo yake.

Ilikuwa kwenye picha, juani, na Bikira Maria wa karatasi bado amebandikwa kwenye kifuniko. "Frigo ya kulala, dola mia moja makumi sita. Kufuli haivunjike. Tata Rémy wa Kisenge ameisha kutia acompte, franga ya kwanza, anaichukua leo saa tisa." Muuzaji alikuwa Gradi.

Bwana yake Mulumba alikuwa mchomelea vyuma wa kampuni. Kabla hajafa alitia frigo ile mkanda wa chuma na kufuli la ndani. Atakayelivunja atararua kifuniko chote, na frigo isiyofunga ni sanduku tu. Kifungulo kilikuwa kimoja. Mwadi alikivaa shingoni, pamoja na rozari.

"Mwalimu, angalia."

Ngeleka akavaa miwani. "Ataiuza namna gani bila kuifungua?"

Jibu lilikuja kwa simu. Gradi hakusalimu.

"Mama Mwadi. Leta kifungulo."

"Kifungulo ya nini, mutoto wangu? Si unasema samaki haikufika?"

"Usinichezeshe. Tata Rémy hataki yenye kuvunjika. Courant ya umeme haiko, mule ndani munaanza kunuka, mi nataka kusafisha mbele hajakuja. Leta kifungulo, ile deni ya katoni naifuta. Usipoleta, saa sita photo yako inatoka, na mi njo ntaongoza bantu mpaka kwa ba père, ku parokia."

Mwadi akafumba macho. Aliijua bariere, kizuizi cha njia ya Mutshatsha, na alijua vijana wake walikuwa wa nani. Akafanya kama alivyofanya miaka yote: akataja bei.

"Lori yetu inatoka saa nane. Mi na Kabeya tupite bila mutu kutugusa. Kifungulo ntakiacha na mutu. Tukipita, napiga simu, nasema neno, anakutolea. Namna ya tomsoni ya Mutshatsha."

"D'accord," Gradi alisema palepale, akakata.

Mteja anayekubali bila kulia, bila kusema watoto wake watakula nini, umemuuzia hasara. Kila mama wa soko anajua hilo. Lakini neno lilikwisha kutoka, na saa sita Gradi akaandika kwenye kundi: "Tumesikilizana na Mama Mwadi." Picha haikutoka. Mwadi akamshukuru Mungu, akampa kifungulo Mama Bilonda, mpishi wa mapadre, mtu wa kaskazini ambaye hakuna aliyemfukuza.

"Neno ni gani?" Bilonda aliuliza.

"Mulumba."

Bilonda akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake. "Bila jina ya bwana yako, hata askofu simupe."

Walipanda watu arobaini na watatu. Mwalimu Ngeleka alisaidia kumpandisha Kabeya, akakaa mwisho kabisa, miguu ikining'inia nje, ili mgonjwa anyooshwe. Koti lake akaliacha juu ya Kabeya.

Kwenye bariere palikuwa na magogo mawili, matairi yanayowaka, na polisi mmoja juu ya kiti cha plastiki. Polisi aliandika namba ya lori kwenye daftari, akapokea elfu kumi ya kalamu kutoka kwa dereva, kisha akageuza kiti chake kikatazama upande mwingine.

Gradi akaja na nondo begani.

"Mama Mwadi na mugonjwa wake babakie. Bengine bote, chini!"

Ngeleka alikuwa karibu zaidi, basi wakamshika wa kwanza. Walimvuta kwa mguu, kichwa chake kikagonga chuma cha lori, miwani ikaanguka. Alitaka kuinuka. Mmoja akampiga panga kwa bapa mgongoni, mwingine kwa nondo kwenye magoti, na ile sauti ya nondo watu wote wa lori waliisikia. Hakulia. Alisema tu, kama anayeita majina asubuhi, "Batoto, batoto, mi niliwafundisha." Wakamburuta nyuma ya kontena lenye kutu.

Mwadi alikuwa amekumbatia kichwa cha Kabeya. Wangu wawili wapo, mimi na Kabeya, aliwaza. Wangu wawili. Muda huo ulikuwa na urefu wa Salamu Maria moja, na Mwadi aliupima baadaye, siku nyingi. Kisha wakamshika mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na Mwadi akasimama.

"Gradi! Bei imepanda."

"Nini?"

"Lori nzima. Lori ikipita na bantu bake bote, nasema neno. Akibakia hata mumoja, sisemi."

Gradi akapanda gurudumu, akampiga ngumi mdomoni. Mwadi akaanguka juu ya magunia, akatema jino, akasimama tena.

"Ulisema babili!"

"Nilikosea bei. Hata muuzaji anakosea."

"Ntamuua huyu hapa!" Akanyoosha nondo juu ya kifua cha Kabeya.

"Muue. Kisha ukavunje kifuniko, uone Tata Rémy atakupa ngapi."

Simu ya Gradi ililia. Sauti ya Rémy ilisikika mpaka juu ya lori: saa tisa inakaribia, gari linaunguruma, kama frigo haifunguki anataka acompte yake sasa hivi. Acompte ile Gradi alikwisha kuinywa. Pombe ilikuwa bado kwenye pumzi yake.

"Bamama na batoto," Gradi alisema.

"Lori nzima."

"Bamama, batoto, na bazee."

"Lori nzima, na Mwalimu."

Gradi akatazama kontena. Kutoka kule hakukuwa na sauti tena. Akacheka kidogo, bila furaha, kama mtu wa duka anayeonyesha rafu tupu.

"Mwalimu alishauzwa, mama."

"Murudishe."

"Huku hakuna kurudisha."

Mama mwenye mtoto alimtazama Mwadi kwa macho yaliyokuwa na swali moja tu. Mwadi akafuta damu kwa kiganja, akaketi.

"Ondosha magogo."

Yakaondoshwa, na mama yule akaachiwa. Kilomita mbili mbele, dereva alipopunguza mwendo, Mwadi akampigia Bilonda. Mdomo ulikuwa umevimba, jina la bwana yake likatoka limevunjika, ikambidi alirudie. Mulumba. Mulumba. Bilonda akasema amesikia.

Mtandao ulikuwa unakaribia kuisha pale waliposimama kutia maji kwenye rediata. Simu ikatetemeka. Kwenye kundi palikuwa na picha: frigo wazi, katoni zimelegea, samaki wamegeuka uji wa kijivu. Gradi aliandika: "Tomsoni yangu njo hii, imeoza. Nataka franga yangu." Rémy aliandika kwamba harufu haitatoka hata kwa sabuni ya mwaka, arudishiwe acompte. Na Mama Valérie: "Basikilizane bote. Mama Mwadi, kitu ikioza mbele ya kufika, muuzaji analipa. Masaa makumi ine na nane."

Mwadi akakaa na simu magotini. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama alivyofundishwa darasa la sita, ambako masomo yake yaliishia.

"Ngeleka, mwalimu wa darasa la tatu. Alitoka parokia saa nane, muzima. Alipokelewa ku bariere na Gradi. Hajafika. Ninaomba arudishwe. Masaa makumi ine na nane."

Akatuma. Akaona wanausoma: watu tisa, ishirini, sitini. Kisha maandishi madogo ya kijivu yakatokea: Mama Valérie amekuondoa kwenye kundi. Nyuma yake ukaja ujumbe wa pembeni: "Mupendwa, usikasirike. Groupe ni ya bakaaji ba Kolwezi tu."

Kabeya alinyoosha mkono, akiuliza kwa jicho lake moja. Mwadi alipapasa mfuko wa koti la Mwalimu lililomfunika, akapata alichojua kimo, kipande cha chaki. Kwenye ubao wa lori, kwa upande wa ndani, ambapo mvua haifiki, akaandika jina la Mwalimu. Chini yake akaandika saa: tisa na dakika hamsini. Dereva akawasha injini, na Mwadi akaanza kuhesabu yale masaa.