King'ora wa Vifungo

Kwenye karakana ya mashati, mafundi walimbandika shangazi mshona vifungo jina la King'ora. Mlango wa bosi ukilia tu, huimba, na mkata vitambaa, aliyekwisha kuonywa kwamba akikutwa tena amelala atafukuzwa, huchomoka chini ya meza kama panya aliyemwagiwa maji.

Leo alichomoka akagonga magoti ya bosi.

“Kumbe na wewe umeamka kusikiliza?” bosi akanong'ona. “Mimi kila nikitoka kwenda msalani, sauti hii hunivuta huku. Bila hiyo ningefuata nini?”

Mkata vitambaa akageuka, macho yamemtoka pima.

“Shangazi! Miaka yote hii ulikuwa unamwita?”