Siku ya Kumsifu Clive

Jumapili saa saba mchana, Clive Ormerod alivua viatu, akavisukuma chini ya kiti, akakaa kwenye kinanda chake cha ogani katika baa ya kona, Twickenham, pembezoni mwa London. Alikuwa anapiga besi, zile noti nzito, kwa kukanyaga vibao vya chini kwa mguu wa kushoto, na mguu wenye kiatu, kwa maoni yake, ni kiziwi. Jikoni kulinukia nyama ya ng'ombe na viazi vya kuoka. Mkewe, Glenys, alipangusa vumbi kwenye vibao vya kinanda, kisha akakaa meza ya karibu na bia yake, kama alivyofanya tangu walipokuwa vijana wa jazi na bluzi wasio na hata koti la maana.

Leo bia ilikaa bila kuguswa. Kaunta ilikuwa na keki, na ukutani palitundikwa kitambaa cha kumshukuru Clive. Meneja mpya, Bwana Pask, aliyeletwa na kampuni iliyoinunua baa, alikuwa ameandaa siku ya kumsifu mzee. Glenys alikuwa na hofu tangu alipoamka.

Waswahili husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu wa baa ile hawakuwahi kufikia huko, kwani mgema wao hawakumsifu kabisa. Kwao mtu husifiwa akishalala ndani ya jeneza. Akiwa hai hutukanwa kidogo, ili ajue anapendwa. Neville Grant, mpiga saksafoni ambaye baba yake alifika kwa meli kutoka Jamaika, alikuwa akimwambia Clive kila baada ya onyesho kwamba amepiga kama mtu anayeteremsha kabati ngazini, na Clive akirudi nyumbani na furaha ya wiki nzima.

Clive alianza na bluzi ya polepole. Spika yake kubwa ikazunguka ndani ya sanduku lake, sauti ikatetemeka hadi kwenye glasi. Pask akashika maikrofoni.

"Mabibi na mabwana, huyu mzee ni hazina yetu."

Kidole kidogo cha mkono wa kulia wa Clive kikapotea. Clive akalitazama pengo, akaihamishia noti kwenye kidole kilichofuata.

Mama mmoja wa dirishani akasimama, akasema hakuna mtu aliyewahi kumliza kama Clive. Mkono ukaondoka hadi kwenye kiwiko. Vibao viliendelea kubonyea vyenyewe, kwa mpangilio mzuri. Mhudumu akapita na sahani mbili za nyama, akaomba njia.

Glenys alimvuta Neville shati. "Nev, mtukane."

"Shemeji, si siku yake leo?"

"Mtukane, nakwambia! Huoni anavyoisha?"

Neville aliona. Akainyakua maikrofoni. "Jamani, msidanganyike. Huu mguu wake unaenda kama basi bovu mlimani. Mimi nimemvumilia miaka yote hii kwa sababu ana gari la kubebea vyombo, basi!"

Watu wakacheka. Mkono ukarudi, na saa yake.

"Na wewe," Clive akajibu bila kugeuka, "hiyo saksafoni unaipuliza au unaitafuna?"

Glenys akanywa funda lake la kwanza. Lakini Pask hakuwa amemaliza. Alisema gwiji anastahili kupumzika, na kuanzia leo saa kumi, pale penye kinanda patawekwa televisheni kubwa ya mpira. Picha ya Clive itatundikwa juu yake, kwa heshima.

Kila mmoja alitaka kukataa, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze, kwa kuwa kwao kuharibu shughuli ya mtu ni aibu kubwa kuliko kumpoteza rafiki. Basi wakapiga makofi. Walipiga sana, wakasimama. Miguu ya Clive ikaenda, kifua kikafuata, halafu shati. Neville alifungua mdomo atukane, akajikuta analia.

"Hakuna kama yeye," alisema. "Hakuna." Na kichwa nacho kikaenda.

Kinanda kiliendelea. Kilipigwa vizuri kuliko siku zote, na mzee mmoja akaomba wimbo wa haraka zaidi. Fundi wa televisheni akaja akachuchumaa ukutani, kando ya Glenys.

"Samahani mama, naihitaji hii soketi."

"Bado anapiga."

"Namsikia. Ila mechi saa kumi."

Akaomba radhi tena, akachomoa waya. Magurudumu ya ndani ya kinanda, yale yanayotoa sauti, yakapunguza mwendo, na wimbo ukateremka, ukazidi kuteremka, hata ukawa mzito na mnene kama mtu anayesinzia, kisha basi.

Wanaume wanne walikibeba kinanda hadi kwenye gari la Clive, kwenye manyunyu.

"Mbona kizito leo?" Neville akauliza.

Glenys alisema lazima kiwe kizito, Clive yumo, na waangalie kizingiti. Hakukaa mbele. Alipanda nyuma, akaweka sikio kwenye mbao za kinanda. Kule baa bao likaingia kwenye televisheni, na watu wale wale wa keki wakashangilia hadi madirisha yakatikisika. Glenys alingoja kelele zipungue ili asikie kama kuna anayepumua, lakini hazikupungua.