Mate Juu ya Jiwe la Mnajdra

Kidole gumba changu kilikuwa kimeshalowa mate, na kimeshapita juu ya jiwe lenye umri wa miaka elfu tano na ushei, ndipo nikamsikia Sinyora Zerafa akivuta pumzi nyuma yangu. Pumzi ile naisikia hadi leo, na sasa nina wajukuu.

Siku ilianza vizuri, kama zinavyoanza siku zote zinazotaka kukuchezea. Basi liliendeshwa kutoka Valletta na binamu yangu Salvu, kwenda hekalu la kale la Mnajdra. Watalii walikuwa kumi na tisa. Abiria wa ishirini, aliyeketi kiti cha nyuma kabisa na daftari la bluu mapajani, alikuwa Sinyora Zerafa, mtahini wangu wa leseni ya kuongoza watalii.

"Mara ya tatu hii, Nazju," Salvu alininong'oneza. "Ukianguka tena watakuchonga sanamu wakuweke humohumo hekaluni."

"Wewe endesha. Mbuzi wanakupita."

Mara ya kwanza niliangushwa na ile hadithi ya jitu la kike lililojenga mahekalu, limebeba mawe kichwani na mtoto begani, huku likitafuna maharage. Nilisimulia kama vile nilikuwepo. Mara ya pili niliangushwa na utani. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, mguu mmoja umevunjwa na jiwe kwenye machimbo ya Mqabba, na kazi pekee niliyobaki nayo ni mdomo. Leseni ile ikinikosa, ningerudi jikoni kwa mama mkwe kumenya vitunguu, na ulimi wa yule mama unamtoa mtu machozi kuliko vitunguu vyake.

Basi nikajibana. Nikataja tarehe zote, nikameza utani wote. "Msiguse mawe," nikawaonya watalii. Niliwaonya mara nne. Mara nne!

Tukateremka Mnajdra. Chini bahari, mbele kisiwa cha Filfla kama kipande cha mkate mtu alichokisahau mezani. Humo ndani, mbele ya bamba la jiwe lililotobolewa vitundu vidogo safu kwa safu, mama mmoja mfupi mwenye kofia ya ukili akauliza: "Mbona hapa safu zimepinda? Fundi alichoka?"

Jambo hilo halikuwemo katika makaratasi niliyokariri. Nikainama. Safu zilikuja zimenyooka, zikapinda ghafla, kisha zikanyooka tena. Mtu aliyechoka hapindi hivyo. Aliyechoka haharibu mahali pamoja tu.

Sasa, sisi tuliokulia machimboni hatulisomi jiwe likiwa kavu. Jiwe kavu ni kama mtu aliyefunga mdomo. Unalipaka mate kidogo, unasugua, nalo linatoa siri zake. Baba alifanya hivyo, na baba yake pia. Mkono wangu haukuniomba ruhusa.

Palipolowa pakatokea mshipa mwembamba wa kijivu.

Nikajua nimekwisha. Lakini mkate ukishaungua, heri uutafune.

"Hakuchoka," nikamwambia yule mama. "Alikutana na mshipa mgumu. Angelazimisha, bamba lingepasuka. Akauzunguka."

"Alijuaje kuwa upo?"

Nikatazama kidole changu. "Nadhani naye alitia mate."

Mama akacheka, kisha akaacha kucheka, akalisogelea lile bamba mikono ikiwa mgongoni. Wote kumi na tisa wakasogea. Nyuma yao nikasikia daftari la bluu likifungwa.

Kurudi, Salvu hakunitania hata neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Watalii waliposhuka, tukampeleka Sinyora Zerafa hadi kwake Żurrieq.

"Sheria ni sheria, Nazju," alisema akishuka. "Aliyegusa ameanguka."

"Najua, Sinyora."

"Njoo Novemba. Na uje na mifuko."

Nilikwenda Novemba, mikono mifukoni kutwa nzima, nikapita. Leseni ile ninayo bado, imefifia. Ila ninachokikumbuka zaidi ni kile kichochoro cha Żurrieq siku ile niliyoanguka: Salvu anahangaika kugeuza basi, mimi dirishani, moyo mzito kama gunia la kokoto, na Sinyora Zerafa mlangoni pake, ufunguo mkononi, haingii. Nyumba zetu zote zimejengwa kwa jiwe hilohilo la Mnajdra.

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kisha akatia kidole gumba mdomoni.