Kilo Tisa za Marcelo

Malimi alikuwa ananing'inia kwenye ndoano ya mizani ya pamba, magoti kayakunja, shingo imemvimba, anatazama mbele kwa adabu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mwalimu wake wa ngumi, Paschal Kasmiri, alizunguka nyuma yake, akarudi mbele, akainama kuusoma mshale.

"Sabini na nane," alisema Marcelo, mpimaji wa kampuni ya pamba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji wao siku hiyo ya Jumatano.

"Themanini na saba," alisema Paschal, akaandika kwenye daftari.

Marcelo akautazama mshale, akalitazama daftari. "Mwalimu, hesabu ulisomea wapi?"

"Hapa hapa Bariadi. Ndiyo maana nakujua."

Hesabu hiyo ilikuwa na mama yake. Wiki iliyotangulia Felisita, mke wa Paschal, alipima gunia la pamba kwenye mizani ya parokia, likawa kilo themanini na saba. Akalipeleka kwa Marcelo, kwenye ndoano hii hii, likawa sabini na nane. Kilo tisa zilipotelea njiani na gunia halikutoboka hata tundu la kupita panzi. Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, na kila mwenye mizani alikuwa na kilo zake.

"Soko huria," Felisita alisema siku ile, akipepeta mchele, "kumbe na mizani nayo iko huru kusema inachotaka."

Basi Paschal, asiyependa kudanganywa mara mbili, alikuwa anazirudisha zile kilo tisa mahali pake. Jumamosi saa mbili asubuhi kulikuwa na mchujo Mwanza wa mabondia chipukizi wa uzito wa juu, na Bariadi ilipewa nafasi moja. Kijana awe amezidi kilo themanini na moja, asivuke tisini na moja. Mwaka uliopita Paschal alipeleka kijana aliyepungua kilo mbili. Walimrudisha na barua ya mistari miwili: mkikosea tena, nafasi yenu inakwenda wilaya nyingine. Na nafasi hiyo ndiyo kitu pekee klabu ilichobaki nacho. Chama cha ushirika kilichokuwa kikiilea kilikuwa chenyewe kinatafuta wa kukilea, na kamba za ulingo zilikuwa zinafungia ndama nyumbani kwa mtu anayejulikana na wote.

"Mwingine," alisema Paschal.

Salu akaja. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Ngulyati, mtoto wa jembe la ng'ombe, mabega mapana na maneno machache. Akaishika ndoano, akajivuta. Mshale ukakimbia hadi themanini na nne, na hapo hapo jiwe likadondoka kutoka mfukoni mwake.

Wote wanne walilitazama lile jiwe. Paschal akampekua. Mfukoni mengine, kwenye soksi mengine. Marcelo akayatia kwenye kipande cha gunia, akayapima kwa furaha ya mtu aliyepata kazi anayoipenda. Kilo mbili kamili.

"Wewe ngosha, mwanaume mzima, umekuja kupigana au kuuza pamba?" aliuliza.

"Mizani inaiba, mwalimu," Salu alimjibu Paschal, siyo Marcelo. "Niliongeza kinachoibiwa."

"Kwa hiyo unanidanganya mimi."

"Siyo wewe. Huyu." Akamwonyesha Marcelo kwa midomo.

Marcelo hakukasirika. Alishaitwa mabaya zaidi na akina mama.

Paschal akapiga hesabu: themanini na nne, toa mbili za mawe, jumlisha tisa za wizi. Tisini na moja. Kijana yuko ukingoni kabisa, akila ugali mmoja tu amevuka mpaka. Na hayo ni mawe aliyoyaona. Nani ajuaye kama hakumeza mengine?

Ndipo alipokumbuka kwamba hawa watu wanatakiwa kupigana.

Nyuma ya ghala walikuwa wametundika gunia la mbegu za pamba. Paschal alikuwa na vipimo vyake mwenyewe vya kijana wa uzito wa juu: kifundo cha mguu, kama mwili utapata pa kusimama ukiongezeka, kisha shingo, kisha macho yanafanya nini ngumi ikija. Akawavalisha glovu, akawaacha.

Malimi alikuwa mwepesi kama si yeye aliyeshinda mchana kutwa akipakia marobota. Kushoto, kushoto, kulia. Ila kila ngumi ilipofika, alisema, "Pole."

"Nyamaza, upigane," alisema Paschal.

"Sawa, mwalimu." Kushoto. "Pole."

Salu alisimama kama amepandwa. Alipigwa tisa, kumi, hakupepesa jicho. Kisha akarusha moja, Malimi akainama, ngumi ikalipata gunia nyuma yake, kamba ikakatika na mbegu zikamwagika hadi miguuni kwa Marcelo.

Paschal alirudi nyumbani amevurugika. "Mmoja anapiga na kuomba radhi," alimwambia mkewe. "Sijui ana huruma au ana kiburi."

"Mtu akinipiga halafu akaniambia pole, mimi ningekimbia," alisema Felisita. "Na yule mwingine?"

"Mdanganyifu. Ameongeza mawe."

"Kilo ngapi?"

"Mbili."

"Wewe umeongeza tisa."

"Mimi nimesahihisha."

Felisita akamtazama jinsi anavyomtazama kuku anayetaga nje ya kiota, akaendelea na shughuli zake.

Ijumaa alfajiri Paschal alipanda basi na Malimi. Salu alikuwa amekuja stendi na kifurushi chake, akaambiwa mwakani. Hakubisha. Alimpa Malimi karanga za njiani, akageuka kurudi Ngulyati kwa miguu.

Saa nne basi likasimama Nyashimo. Paschal aliposhuka kunyoosha mgongo akamkuta Marcelo, aliyekuwa amekaa viti vya nyuma safari nzima, anahakikisha sanduku lake la bati bado liko juu ya basi.

"Na wewe unakwenda kwenye ngumi?"

"Nakwenda kwetu Mwanza. Nimeachishwa kazi." Marcelo aliyasema hayo bila uchungu, kama anayetaja hali ya hewa. "Jumatatu walikuja watu wa vipimo kutoka mkoani. Wakaifungua mizani, wakaiweka sawa, wakaipiga lakiri. Kampuni inasema kupima kwa mizani inayosema kweli hata mtoto anaweza."

Paschal akaacha kunyoosha mgongo. "Jumatatu ipi?"

"Hii hii."

"Sisi tulipima Jumatano."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniuliza. Niliona unaandika zako, nikasema mwalimu ana elimu yake. Halafu ningesemaje? Kwamba leo haiibi? Wangeniuliza juzi je."

Paschal akafungua daftari. Themanini na saba ilikuwa sabini na nane. Kilo tisa zile alikuwa ameziiba mwenyewe, ila kwa kuongeza. Na Salu, toa mawe, alikuwa themanini na mbili, uzito wa juu halali, na Paschal amemwacha stendi na kifurushi chake.

Malimi alikuwa amesimama karibu nao, karanga mkononi, amesikia yote.

"Mwalimu, ni Salu basi."

"Pole," alisema Paschal, likamtoka tu.

"Kamfuate. Mimi nitawasubiri hapa, labda huko Mwanza kuna nafasi ya uzito wa chini unaonifaa." Akazitazama karanga. "Ila sasa, nile au nisile?"

"Kula," alisema Paschal. Akapiga hatua tatu, akageuka. "Hapana. Ngoja kwanza."

Alipata lori lililokuwa linarudi Bariadi tupu kufuata pamba, akamsihi dereva apitie Ngulyati na amsubiri. Ilikuwa alasiri alipomkuta Salu shambani, anang'oa mashina ya pamba yaliyokwisha kuvunwa. Paschal hakumwita mara moja. Salu alikuwa anashika shina kwa mkono mmoja, anazungusha kiuno, shina linatoka na udongo wake. Mkono haukufanya kazi yoyote, ni kiuno. Ile ngumi iliyokata kamba ilikuwa imekaa pale siku zote, na yeye alikuwa anatazama mshale.

"Mwadila, mwalimu," alisema Salu. "Basi limeharibika?"

"Mwadila. Basi ni zima. Vaa shati, twende Mwanza."

"Mizani imesemaje?"

"Imesema kweli. Ndiyo iliyonichanganya. Nilikuita mdanganyifu."

"Mawe yalikuwepo, mwalimu."

Salu akafuta mikono kwenye suruali, akachukua shati juu ya rundo la mashina. Wakatembea hadi barabarani lori lilipokuwa linawapigia honi, na hapo kijana akasimama.

"Mwalimu, hiyo mizani ya Mwanza, mwenyewe ni mtu wa namna gani? Nije na mawe au niyaache?"

Paschal akalitazama daftari lililokuwa kwapani, kana kwamba lingesema neno.

"Chukua moja," alisema hatimaye.

Salu akainama, akachagua.