Neno la Watu wa Ofisi

Uji uliungua tena. Kageha alikuwa amesimama juu ya sufuria, mwiko mkononi, lakini hakunusa kitu mpaka Annet, mwalimu wa nasari, alipoingia jikoni na kuzima jiko.

"Kwani unalala ukiwa umesimama? Githinji anakutaka ofisini."

Githinji ndiye aliyekuwa mwenye shule hiyo ndogo ya mabati pale Riruta Satellite. Kageha alijifunika kifua kwa leso. Mtoto wake mchanga, Mourine, alikufa kwa kuhara wakati mvua ya El Nino ilipoleta mafuriko Kibera. Tangu hapo, kila mtoto alipolia darasani, maziwa yalimtoka na kulowesha nguo. Usingizi haukuja. Chakula hakikupita kooni.

Asubuhi hiyo Sitti, mama mwenye nyumba aliyopanga Kibera, alikuwa amemshika mkono mlangoni.

"Mwanangu, wakikuuliza, usiseme kichwa. Usiseme roho. Sema una stress. Watu wa ofisi wanaliheshimu hilo neno."

Ni kweli. Muhula uliopita mke wa Githinji alikuwa na stress. Alienda kupumzika Mombasa, na walimu wakamnunulia kadi.

Githinji hakumwambia aketi.

"Uji wa watoto umemwagwa tena. Shida ni gani?"

"Niko na stress."

Githinji alimtazama, kisha akacheka, akamgeukia Annet aliyesimama mlangoni. "Umesikia? Siku hizi hata mpishi ako na stress!"

Annet alicheka kidogo, akitazama sakafu.

"Stress ni ya mtu mwenye mambo mengi ya kufikiria, mama. Wewe unakoroga uji. Sema ukweli. Unaskia nini?"

Kageha hakuwa na neno lingine la Kizungu. Akasema kwa maneno yake. Alisema moyo umechoka, mikono haimtii. Alisema watoto wakilia anasikia kama ni wake, na kuna wakati anatamani amchukue mmoja amnyonyeshe, kidogo tu, kifua kiache kumuuma.

Kicheko kilikatika. Githinji alisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Kumbe ni wazimu. Na hapa kuna watoto wa watu."

"Sina wazimu, mwalimu. Nimefiwa."

"Toka. Na usipitie darasani."

Kageha alizunguka nyuma ya vyoo, akasimama nje ya geti, kwenye matope. Baada ya muda Annet alitoka na sweta na viatu vya Kageha ndani ya karatasi ya plastiki. Jana tu walikuwa wamekunywa chai kwa kikombe kimoja. Kageha alinyoosha mkono. Annet aliiweka karatasi chini, akarudi kinyumenyume, akafunga geti kwa komeo.

Watoto walikuwa wanachungulia kupitia nyufa za mabati. Sauti ya Annet ilisikika ikiwafukuza:

"Rudini darasani! Na huyo mama akiwaita, msiitike."